Mwili Nao Unahitaji Amani: Aina za Yoga na Faida Zake kwa Watu Waliopitia Vita

Utangulizi



Wengi wetu tunaofanya kazi ya amani katika Kivu tumezoea kuanza na maneno. Tunaalika pande mbili, tunapanga viti, tunafungua kwa sala, halafu tunazungumza. Mimi pia nilifanya hivyo kwa miaka mingi.

Siku moja nilikuwa katika mkutano wa wakulima na wafugaji kwenye bonde la Ruzizi. Shida ilikuwa ile ile ya kila kiangazi: ng'ombe walioingia katika mashamba ya mihogo, na fidia ambayo haikulipwa. Kufika saa sita mchana tulikuwa tumekwisha kukubaliana juu ya mambo matatu kati ya matano. Halafu upepo ukaupiga mlango wa bati, nao ukalia kama bunduki. Nusu ya watu walilala chini. Vijana wawili waliruka dirishani. Mama mmoja alimfunika kwa mwili wake mtoto ambaye hakuwa wake. Baada ya dakika chache wote walirudi kwenye viti, wengine wakacheka. Lakini mkutano ulikuwa umekwisha. Watu waliokuwa wakiitana ndugu walianza kutukanana, na hata yale mambo matatu tuliyokubaliana yakakataliwa.

Jioni nilimwuliza mzee mmoja ni kitu gani kilichotupata. Alinijibu: "Mwanangu, akili yangu inajua kwamba ulikuwa upepo. Miguu yangu ndiyo haijui."

Somo hili linahusu miguu hiyo. Tutaangalia yoga, mazoezi ya mwili, ya pumzi na ya utulivu yaliyotoka India, ambayo leo yanatumiwa pia kuwasaidia watu waliojeruhiwa na vita na ubakaji. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza:

- kueleza kwa nini mwili unaweza kubaki vitani hata baada ya bunduki kunyamaza;
- kutofautisha aina kubwa za yoga;
- kujua faida zake na mipaka yake;
- kuchagua njia isiyomwumiza tena mtu aliyekwisha kuumizwa.

1. Kwa nini mwili unabaki vitani

Mwili wa mwanadamu una njia mbili za kuendesha kazi zake za ndani. Njia ya kwanza ni ya hatari. Mtu akiona nyoka au akisikia risasi, moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, na tumbo linaacha kazi yake. Haya yote yanatokea kabla mtu hajafikiri. Ni zawadi nzuri, kwa maana inatuokoa. Njia ya pili ni ya utulivu: moyo unapunguza mwendo, chakula kinasagwa, usingizi unakuja, na mtu anaweza kusikiliza wengine.

Kwa kawaida mtu anapita kutoka njia moja hadi nyingine bila shida. Lakini mtu aliyepitia hatari kubwa, au hatari iliyorudi mara nyingi, anaweza kukwama katika njia ya kwanza. Anashtuka kwa kishindo kidogo. Halali usiku. Anakasirika haraka, kisha anajuta. Wengine wanapatwa na kinyume chake: wanakuwa kama watu waliokufa ganzi, hawasikii furaha wala huzuni. Katika mikutano yetu tunawaita watu hao "wakaidi" au "wavivu". Mara nyingi si ukaidi wala uvivu, ni mwili ambao haujapata habari kwamba hatari imepita. Na tuseme ukweli: katika sehemu nyingi za Kivu hatari haijapita, inakwenda na kurudi.

Hatuwezi kuamuru moyo upige polepole. Lakini kuna mlango mmoja ambao tunaweza kuupitia, nao ni pumzi. Pumzi inakwenda yenyewe tukiwa tumelala, lakini pia tunaweza kuiongoza tukitaka. Mtu akivuta pumzi, moyo unaongeza mwendo kidogo. Akitoa pumzi, unapunguza. Weka kidole kwenye mshipa wa mkono wako, pumua polepole, na pengine utaisikia tofauti hiyo mwenyewe. Kwa hiyo mtu anayetoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta anausaidia mwili wake kuingia katika njia ya utulivu. Jambo hili walimu wa yoga walilijua kwa kulitenda, muda mrefu kabla ya kuwapo kwa vyombo vya hospitali.

2. Yoga ni nini, na ilitoka wapi?

Neno yoga linatoka katika Kisanskriti, lugha ya zamani ya India. Mzizi wake una maana ya kuunganisha, kama wakulima wanavyounganisha ng'ombe wawili chini ya nira moja ili wavute pamoja. Katika yoga vinavyounganishwa ni mwili, pumzi na akili. Mwili ukiwa hapa, pumzi ikiwa mbio, na akili ikiwa katika usiku ule wa mashambulizi, mtu huyo ni kama ng'ombe watatu wanaovuta kila mmoja upande wake.

Kitabu cha yoga kinachotajwa sana ni Yoga Sutra, kinachohesabiwa kuwa cha Patanjali. Kinaeleza njia yenye sehemu nane. Wengi wanafikiri kwamba yoga ni kukunja miguu tu, lakini mikao ya mwili ni sehemu ya tatu. Sehemu ya kwanza ni namna ya kuishi na wengine, na agizo lake la kwanza ni ahimsa, yaani kutodhuru. Ni neno lile lile ambalo Mahatma Gandhi alilifanya msingi wa mapambano ya kudai uhuru wa India, uhuru uliopatikana mwaka 1947. Kwa sisi watu wa amani ni vizuri kukumbuka mpangilio huo: kwanza kutodhuru, baadaye mikao.

Mikao mingi inayofanywa leo ulimwenguni ilienea kupitia kwa mwalimu mmoja, Tirumalai Krishnamacharya (1888-1989), ambaye katika miaka ya 1930 alifundisha katika jumba la mfalme wa Mysore, kusini mwa India. Alifundisha hasa wavulana. Mwanamke aliyezaliwa Riga, katika Ulaya ya mashariki, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Indra Devi, alipoomba kufundishwa, alikataliwa kwa kuwa ni mwanamke na tena mgeni. Mfalme alipomwombea, mwalimu alikubali. Indra Devi akaja kuwa mmoja wa walimu waliofikisha yoga Marekani, na aliishi hadi mwaka 2002, akiwa na miaka zaidi ya 100. Leo wanawake ni wengi kuliko wanaume katika vyumba vya yoga vya nchi nyingi.

Mwaka 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kwamba tarehe 21 mwezi wa sita iwe Siku ya Kimataifa ya Yoga, na siku hiyo iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015. Mwaka 2016, katika kikao kilichofanyika Addis Ababa, UNESCO iliandika yoga ya India katika orodha ya urithi wa wanadamu.

3. Aina kubwa za yoga

Aina ni nyingi, na majina yanaweza kumchanganya mtu. Hapa tunaeleza zile zinazojulikana zaidi.

Hatha. Hili ni jina la jumla la yoga inayotumia mwili na pumzi. Leo mwalimu akisema anafundisha hatha, mara nyingi ana maana ya mwendo wa polepole: mkao mmoja, kupumzika, halafu mkao mwingine. Inamfaa anayeanza.

Iyengar. B.K.S. Iyengar (1918-2014) alikuwa shemeji na mwanafunzi wa Krishnamacharya. Utotoni aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, magonjwa ambayo sisi hapa tunayajua vizuri. Alianza yoga akiwa kijana dhaifu. Labda ndiyo sababu alitafuta namna ambayo kila mwili, hata ulio mgonjwa, unaweza kufanya mkao bila kuumia. Yoga yake inatumia vifaa: blanketi, mshipi, kiti, kipande cha mbao, ukuta. Mkao unafanywa kwa uangalifu na kushikiliwa kwa muda. Nchini kwetu kiti, kitenge kilichokunjwa na ukuta wa kanisa vinatosha.

Ashtanga vinyasa. Ilienezwa na K. Pattabhi Jois (1915-2009), mwanafunzi mwingine wa Krishnamacharya. Mikao inafuatana kwa mpangilio usiobadilika, na kila tendo linakwenda na pumzi. Ni ngumu, inatoa jasho, na inawafaa wenye nguvu. Kutoka humo zimezaliwa aina nyingi zinazoitwa kwa kifupi vinyasa, yaani za mtiririko.

Sivananda. Imepewa jina la Swami Sivananda (1887-1963), daktari aliyeacha hospitali akaenda kuishi Rishikesh, kando ya mto Ganges. Mwanafunzi wake Vishnudevananda aliifupisha katika mambo matano: mazoezi, pumzi, kupumzika, chakula, na kutafakari pamoja na mawazo mema. Ina mikao 12 ya msingi.

Yoga nidra. Maana yake ni usingizi wa yoga. Mtu analala au anakaa, na mwalimu anampitisha kwa maneno katika sehemu zote za mwili, moja baada ya nyingine. Namna inayojulikana sana ilipangwa na Swami Satyananda wa Munger, katika jimbo la Bihar.

Yoga ya kupumzika na yin. Mikao ni michache na inashikiliwa kwa dakika kadhaa. Katika yoga ya kupumzika mwili unaegemezwa kwenye mito na blanketi ili usifanye kazi yoyote.

Kundalini. Inaunganisha pumzi za nguvu, nyimbo na kutafakari. Pumzi hizo za haraka hazimfai kila mtu, kama tutakavyoona.

Yoga ya kiti. Yote yanafanywa mtu akiwa amekaa au akishikilia kiti. Inawafaa wazee, wenye ulemavu, na mikutano ambamo watu wamevaa nguo zao za heshima na hakuna mikeka.

Yoga kwa waliojeruhiwa moyo. Hii haina mikao yake ya pekee. Inatofautiana na nyingine kwa namna ya kufundisha. Ilianza kupangwa mwaka 2003 na David Emerson na wenzake katika kituo cha matibabu ya kiwewe huko Brookline, jimbo la Massachusetts, Marekani. Tutaieleza zaidi katika sehemu ya tano.

4. Faida zake

Tuzitaje bila kuongeza chumvi.

*Kwa mwili.* Yoga inaongeza ulaini wa viungo, nguvu ya misuli na usawa wa mwili. Inawasaidia watu wengi wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliiweka katika orodha ya mambo ya kujaribiwa kwanza, kabla ya dawa, kwa maumivu ya aina hiyo. Mama anayebeba makaa au mihogo kichwani na mgongoni anaelewa umuhimu wa habari hii.

*Kwa akili.* Inapunguza msongo wa mawazo, na wengi wanapata usingizi bora. Inamzoeza mtu kutambua dalili za hasira zikiwa bado ndogo: taya linalokaza, mabega yanayopanda, pumzi inayokuwa fupi. Anayezitambua mapema anaweza kunyamaza kidogo kabla ya kusema neno ambalo halirudi.

*Kwa waliopitia ukatili.* Mwaka 2014 Bessel van der Kolk na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya wanawake 64 wa Marekani waliokuwa na kiwewe cha muda mrefu ambacho matibabu mengine hayakukiondoa. Kundi moja lilifanya yoga saa moja kila juma kwa majuma 10. Kundi la pili lilipata masomo ya afya. Mwishoni, kati ya wanawake 31 wa kundi la yoga, 16 hawakuwa tena na alama za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe. Katika kundi la pili walikuwa 6 kati ya 29. Haya ni matokeo mazuri, lakini tusiyazidishe: kundi lilikuwa dogo, na wanawake hao hawakuishi karibu na mstari wa mapigano.

*Kwa jamii.* Karibu nasi kuna mifano. Nchini Rwanda, kuanzia mwaka 2007, mradi uitwao Project Air ulifundisha yoga wanawake na wasichana waliookoka mauaji ya kimbari ya 1994, wengi wao wakiwa wameambukizwa virusi vya UKIMWI kwa kubakwa. Nchini Kenya, Africa Yoga Project, iliyoanza Nairobi mwaka 2007, imewafundisha vijana wa mitaa maskini kuwa walimu wa yoga, na wengine wamepata kipato kutokana na kazi hiyo.

Hata hivyo, yoga haileti amani peke yake. India yenyewe, mama wa yoga, ilimwaga damu nyingi sana wakati wa kugawanyika kwake mwaka 1947. Mtu anaweza kupumua vizuri na bado akanyang'anya shamba la jirani. Yoga haichukui mahali pa haki, fidia wala ukweli. Inamsaidia tu mtu kukaa kwenye kiti muda wa kutosha ili mambo hayo yazungumzwe.

5. Kosa langu, na fundisho nililopata

Baada ya mkutano ule wa mlango wa bati nilisoma juu ya yoga, nikapata mafunzo mafupi, na haraka sana nikataka kufundisha. Niliwakusanya akina mama wa kikundi kimoja cha akiba, wengi wao waliokimbia vijiji vyao. Tulitandika mikeka katika darasa la shule. Nilifunga mlango ili watoto wasituchungulie. Kisha nikasema kwa sauti ya mwalimu: "Laleni chini. Fungeni macho. Msitikisike."

Mama mmoja alisimama, akatafuta mlango kwa mikono kama mtu aliye gizani, akatoka mbio. Alisahau viatu vyake.

Nilimfuata baadaye kwake, nikiwa na viatu hivyo. Hakunikasirikia. Alisema kwa upole: "Baba, maneno yale nilikwisha kuyasikia. Na sauti ilikuwa ya mwanamume, na mlango ulikuwa umefungwa." Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimekuja na dawa, nikatumia maneno yale yale yaliyoleta ugonjwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Emerson na wenzake waliweka kanuni zao. Ninazieleza kwa maneno yetu:

1. Karibisha, usiamuru. Badala ya "Inua mikono!", sema "Ukipenda, unaweza kuinua mikono." Lugha yetu inayo neno hilo zuri, *ukipenda*. Mtu aliyenyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake anaanza kupona anapoamua hata jambo dogo: mkono huu au ule, kuendelea au kuacha.
2. Usimguse mtu. Hata kumnyosha bega. Hata kwa nia njema.
3. Macho yabaki wazi kwa anayetaka, na mlango pia. Kila mtu achague mahali pa kukaa, na ajue njia ya kutokea.
4. Usilazimishe kulala chini. Kiti ni kizuri kabisa.
5. Usimwombe mtu asimulie yaliyompata. Saa hii ni ya mwili. Kama anataka kusimulia, kuna mshauri aliyefundishwa, na wakati wake.
6. Mwulize mwili, usiupime. Hakuna mkao mzuri au mbaya. Swali ni: "Unasikia nini katika miguu yako sasa?"

Kanuni ya pili ina historia chungu hata ndani ya yoga yenyewe. Pattabhi Jois, tuliyemtaja juu, alikuwa na desturi ya kuwasukuma wanafunzi kwa mikono katika mikao. Baada ya kifo chake wanawake kadhaa waliokuwa wanafunzi wake walishuhudia hadharani kwamba aliwashika kwa namna ya kuwadhalilisha, na mwaka 2019 mjukuu wake, aliyerithi shule, aliwaomba radhi. Jambo hili linatufundisha sisi wa mashirika pia: hakuna mwalimu, mchungaji wala mfanyakazi wa msaada aliye mkubwa kiasi cha kutoulizwa. Palipo na watu waliojeruhiwa, lazima pawe na njia ya kushtaki.

Mama yule alirudi baada ya miezi miwili. Darasa liliongozwa na mwanamke mwenzake, mlango ulikuwa wazi, naye alikaa kwenye kiti kilicho karibu nao. Mimi nilikuwa nje, nikiwalinda na watoto wachunguzi.

6. Je, yoga ni dini?

Swali hili linaulizwa katika kila kijiji, na ni haki liulizwe. Tujibu kwa ukweli. Yoga ilikulia katika dini za India, hasa Uhindu, na pia Ubuddha na Ujaini. Kwa wengi kule bado ni njia ya sala. Sehemu nyingine za ulimwengu watu wanatumia mikao na pumzi peke yake, kama mazoezi ya afya.

Ushauri wangu ni huu. Usimfiche mtu asili ya jambo. Zungumza kwanza na viongozi wa makanisa na misikiti, na uwaonyeshe mazoezi yenyewe. Usitumie nyimbo wala maneno ya ibada ambayo watu hawayaelewi. Na ambaye dhamiri yake inakataa, aheshimiwe bila kubembelezwa. Anaweza kutembea polepole, kuimba kwaya au kucheza ngoma, kwa maana hizo nazo zinaunganisha mwili na pumzi. Mchungaji mmoja aliniambia: "Pumzi alitupa Mungu. Kuihesabu si dhambi." Mwenzake hakukubali, na tuliendelea kufanya kazi naye vizuri.

7. Zoezi la dakika kumi, kwenye kiti

Soma polepole, kwa sauti ya kawaida. Kila mtu yuko huru kuacha wakati wowote.

*Miguu.* Ukipenda, weka nyayo zote mbili chini. Unaweza kuzikandamiza kidogo ardhini, kisha uziache. Fanya hivyo mara tano. Angalia unachosikia. Kama husikii kitu, hiyo pia ni sawa.

*Macho.* Tazama chumba polepole, kulia na kushoto. Tafuta mlango. Tafuta kitu kimoja chenye rangi unayoipenda.

*Mabega.* Ukivuta pumzi, unaweza kupandisha mabega kuelekea masikioni. Ukitoa, yaache yashuke. Mara tano.

*Mgongo.* Weka mkono mmoja juu ya goti la upande wa pili, na ugeuke kidogo kama mtu anayetazama nani anakuja nyuma yake. Rudi katikati. Fanya na upande wa pili.

*Pumzi.* Vuta pumzi kwa puani ukihesabu polepole hadi 4, toa ukihesabu hadi 6. Usiizuie katikati. Ukisikia kizunguzungu au hofu, acha kuhesabu, upumue kama kawaida na urudi kwenye nyayo. Mara kumi zinatosha.

*Kupumzika.* Kaa dakika moja bila kufanya kitu. Macho wazi au yaliyofungwa, utachagua wewe.

8. Tahadhari

- Yoga haichukui nafasi ya daktari. Anayetumia dawa za shinikizo la damu, za UKIMWI au za kifafa asiziache.
- Mama aliyepasuliwa, kwa mfano kwa ajili ya fistula, na mama mjamzito wapate kwanza ruhusa ya mganga.
- Pumzi za haraka na za nguvu zisifanywe na wajawazito, wenye shinikizo la damu, magonjwa ya moyo au kifafa.
- Kusimama kwa kichwa si kwa wanaoanza, wala kwa wenye shida ya shingo au presha ya macho.
- Maumivu makali ni alama ya kuacha.
- Mtu anayesema anataka kufa, au asiyelala kabisa kwa siku nyingi, apelekwe kwenye kituo cha afya. Kule Bukavu hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, inatuonyesha mfano: wanawake waliobakwa wanapata matibabu, ushauri wa moyo, msaada wa sheria na msaada wa kujitegemea kwa pamoja. Pumzi ni uzi mmoja tu katika kitambaa hicho.

Kwa kumalizia

Wakulima na wafugaji wa mkutano ule walikutana tena. Safari hiyo tulianza na mambo mawili. Kwanza, kijana mmoja aliweka jiwe kubwa kwenye mlango wa bati ili upepo usiupige. Pili, tulikaa dakika kumi tukisikiliza nyayo zetu, wazee kwa vijana, wengine wakicheka kwa aibu. Mazungumzo yalikuwa magumu kama zamani. Jioni tulikuwa tumekubaliana mambo mawili tu, pungufu kuliko mara ya kwanza. Lakini hayo mawili yalidumu, na fidia ya kwanza ililipwa kabla ya mavuno.

Siku hizi yule mzee ananikumbusha mimi. Sauti zikipanda, anainua mkono na kusema: "Ngojeni. Miguu kwanza."

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni sauti, harufu au maneno gani yanayowashtua watu katika kijiji chetu? Tunaweza kuondoa yapi katika mahali pa mikutano yetu?
2. Wazazi wetu walitumia nini kuutuliza mwili baada ya msiba au vita: nyimbo, ngoma, kazi ya pamoja? Ni kipi bado kinafaa?
3. Katika kazi yetu, ni mara ngapi tunasema "fanyeni" mahali ambapo tungeweza kusema "mkipenda"?
4. Kama mmoja wetu anamdhulumu mtu tunayemsaidia, mtu huyo atamwendea nani? Je, anajua?
5. Chagueni aina moja ya yoga iliyoelezwa hapa. Ingewafaa akina nani kwetu, na isingewafaa akina nani? Kwa sababu gani?